Mcheza Kwao Hutuzwa: Michezo ya Shule katika Kajiado na Kitengela

Wazee wetu walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Maana ya usemi huo ni wazi: mtu achezaye mbele ya jamaa na majirani zake hupata wa kumshangilia na wa kumpa zawadi, lakini mgeni hucheza mpaka akachoka asitazamwe na mtu. Juma hili twataka kuupima usemi huo kwa habari ya michezo ya shule katika Kajiado, na hasa katika mji wa Kitengela. Swali letu ni moja tu: je, mtoto wa huku anacho kiwanja cha kuchezea kwao, hata tutazamie kwamba atatuzwa?

Muhula wa kwanza wa shule ndio wakati wa riadha, yaani mbio, kuruka na kutupa. Katika muhula huo nilikwenda Kitengela kutazama mashindano ya shule za jirani. Nilimkuta mwalimu mmoja akitembea kinyumenyume, mkononi ana kopo lililotobolewa, akinyunyiza chokaa juu ya majani makavu apate kuchora njia za wakimbiaji. Nikamsalimu, nikamwuliza mbona njia zenyewe zimebanwa sana upande mmoja. Akasimama, akanionyesha kwa kidole nyumba tatu za ghorofa ng'ambo ya ua wa mabati.

"Mzee," akasema, "mwaka jana tulikimbilia pale. Hapa nako twapaazima tu, na mwenyewe ametuambia tusipazoee."

Nikatazama, nikaona kweli kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba shamba hilo haliuzwi. Kila mkaaji wa Kitengela ajua kwamba vibao vya namna hiyo huwekwa kuwazuia matapeli wauzao mali isiyo yao. Watoto wakapiga mbio mbele ya kibao hicho, wengine kwa viatu, wengine kwa miguu mitupu. Msichana mmoja mwembamba akawaacha wenzake katika mbio za mita 1,500 kwa umbali mkubwa hata sisi watazamaji tukatazamana. Nikamwuliza mwalimu binti huyo atakwenda wapi baada ya hapo.

Akanijibu, "Akishinda kaunti, atakwenda kukutana na wenyewe."

Kwa wale wasiojua utaratibu wa mambo haya, yafaa tueleze kidogo neno hilo la mwalimu. Mashindano ya shule za sekondari katika Kenya husimamiwa na Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari, nayo yamepangwa mfano wa ngazi. Mwanafunzi huanza katika shule yake, akapanda zoni, kisha kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, ndipo afike mashindano ya taifa. Na washindi wa taifa hukutana na wenzao wa Uganda, Tanzania na nchi nyingine jirani katika michezo ya shule za Afrika ya Mashariki. Kanda zetu ni 8, nazo zafuata mipaka ya mikoa ya zamani, ijapokuwa Katiba ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47. Kwa hiyo Kajiado imo katika Kanda ya Bonde la Ufa pamoja na kaunti nyingine 13. Miongoni mwa hizo zimo Nandi, Uasin Gishu, Elgeyo-Marakwet na Baringo, nchi ambazo sifa zao za mbio zimeenea duniani kote tangu Kipchoge Keino wa Nandi aliposhinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Hao ndio "wenyewe" aliowataja mwalimu wetu. Mwanafunzi wa Kajiado atakaye kufika taifa katika mbio ndefu hana budi kwanza kupita kati yao, na wapo wakimbiaji walioshindwa katika kanda hii ambao katika kanda nyingine wangalitwaa kombe.

Tena kuna jambo la safari. Kitengela iko kilometa kama 30 tu kutoka Nairobi, na mji wa Machakos nao ni karibu. Lakini mashindano ya kanda yakifanyika Eldoret, mtoto wa Kitengela hupita Nairobi na Nakuru, akasafiri zaidi ya kilometa 300 kabla hajavaa viatu vya kukimbilia. Na mwenzake wa Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro, amekwisha safari ya zaidi ya kilometa 150 kufika Kajiado mjini kwa mashindano ya kaunti tu. Kaunti yetu ina ukubwa wa karibu kilometa 22,000 za mraba, na basi halinywi maji.

Vijana wengi hawajui kwamba mipaka hii haikuwekwa kwa ajili ya michezo. Katika miaka ya 1950, Kajiado na Narok zilikuwa katika Jimbo la Kusini pamoja na Machakos na Kitui. Mipaka ilipopangwa upya wakati wa uhuru, mwaka 1963, Machakos na Kitui zikaingia upande wa Mashariki, na nchi ya Wamasai ikaingia Bonde la Ufa. Waliopiga mistari hiyo walikuwa wakifikiri habari za utawala na ardhi na makabila. Hakuna aliyemfikiria msichana wa mita 1,500. Ila ndiyo mistari inayoamua hata leo atashindana na nani.

Kwa sababu hiyo wako wazazi na walimu wasemao kwamba shule za Kajiado zihamishwe, zikashindane na Nairobi au Mashariki. Hoja zao si za kupuuzwa. Nauli ingepungua, watoto wangelala kwao, na vikombe vingeonekana katika ofisi za walimu wakuu, jambo ambalo huwapa wengine moyo. Lakini mimi, kwa heshima, sikubaliani nao. Mtu akikwepa mlango mgumu wa kanda, mlango wenyewe atakutana nao tena taifani, kwa kuwa hao wa Nandi na Elgeyo watakuwako huko wakimngoja. Faida ya kushindana na wenye nguvu ni kwamba mtoto hujua mapema kipimo cha kweli, wala hadanganywi na kombe la bure.

Lililo bora ni kutafuta mashindano ya karibu bila kuvunja ngazi iliyopo. Hapana mpaka uwakatazao walimu wakuu wa Kitengela, kwa ruhusa ya wakubwa wao, kualika shule za Athi River, Machakos na Nairobi kwa michezo ya kirafiki ya Jumamosi. Mtoto aliyekimbia mara 6 na wageni kabla ya kwenda kanda hatatetemeka akiona fulana za shule asizozijua. Tena si vibaya tukiomba mashindano ya kanda yaletwe huku kusini kwa zamu, Narok mwaka mmoja na Kajiado mwaka mwingine, ili na sisi tucheze kwetu tukatazamwa na wazee wetu.

Lakini hata kanda ikiletwa mlangoni petu, bado kuna shida iliyo kubwa kuliko hiyo ya mipaka, nayo ni ardhi. Kitengela ya zamani ilikuwa malisho. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata sehemu yake. Baada ya hapo mji ukakua upesi, hasa kwa kuwa eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza ng'ambo lililowekwa Athi River baada ya sheria ya mwaka 1990 lilileta watu wengi wenye kutafuta kazi na mahali pa kulala. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Malisho yakawa mashamba, mashamba yakawa ploti, na ploti ya kawaida ni ile ijulikanayo na kila mtu, futi 50 kwa 100.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Uwanja wa riadha wenye mzunguko wa mita 400 na njia 8 huhitaji urefu wa mita kama 177 na upana wa mita kama 93. Hizo ni kama ekari 4, yaani ploti kama 35 za futi 50 kwa 100. Mwenye shule aliyeweka madarasa yake juu ya ploti 4 au 6 hawezi kuwa na uwanja huo hata akitaka. Watoto wake hucheza katika njia ya kupitia magari, na wakati wa mapumziko mwalimu huwakataza kukimbia wasije wakaangushana. Hatumlaumu mtu kwa jina, maana ardhi ni ghali na wazazi wenyewe ndio waliokuwa na haja ya madarasa. Twasema tu kwamba mji ambao hauwekei watoto wake mahali pa kukimbia usishangae ukikosa wakimbiaji.

Labda mtu atauliza, "Je, sisi wa nchi ya Wamasai tumeumbiwa mbio kama hao wa Nandi?" Jibu la swali hilo tunalo, nalo halihitaji ubishi. Billy Konchellah, Mmasai wa Kilgoris katika Kaunti ya Narok, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1987 kule Rome na tena mwaka 1991 kule Tokyo. Kutoka Kilgoris hiyohiyo akatoka David Rudisha, ambaye baba yake, Daniel Rudisha, alipata medali ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti mwaka 1968. David alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006, na tarehe 9 Agosti 2012, katika Olimpiki ya London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akaivunja rekodi ya dunia aliyokuwa ameiweka yeye mwenyewe. Mwaka 2016 akashinda tena kule Rio.

Lakini tuangalie vema Rudisha alisomea wapi. Alisoma katika shule ya sekondari ya Kimuron, kule Iten, katika Elgeyo-Marakwet, mahali palipo juu kiasi cha mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Huko alifundishwa na Bruda Colm O'Connell, mtu wa Ireland aliyekuja Iten mwaka 1976 kuwa mwalimu, akakaa akawa mlezi wa wakimbiaji. Basi hao "wenyewe" tunaowaogopa hawana siri ya damu iliyofichwa kwetu, maana mwana wetu alikwenda akakaa nao, akapewa uwanja na mwalimu mwenye subira, akawapita wote. Yeye alitoka nyumbani. Kwa mmoja aliyepata njia ya kutoka, ni wangapi waliobaki wakichunga, au wakiuza maji ya chupa kando ya barabara ya Namanga, wasijue wana miguu ya namna gani?

Wala tusidhani kwamba katika Kajiado yenyewe hapajafanyika neno. Huko Kimana, karibu na Amboseli, ilianzishwa mwaka 2012 michezo iitwayo Olimpiki ya Wamasai, chini ya shirika la Big Life la kuhifadhi wanyama, na Rudisha akakubali kuwa mlezi wake. Kusudi lake lilikuwa kuwapa morani njia nyingine ya kuonyesha ushujaa badala ya kuua simba. Vijana hukimbia mita 200, mita 800 na mita 5,000. Hutupa mkuki na rungu. Na huruka juu kama katika ngoma zao, tena wasichana nao wana mbio zao. Nilipenda hekima ya jambo hilo, kwa kuwa halikuwaambia vijana waache mila yote. Lilichukua yale wanayoyaweza tayari likayapa kipimo na zawadi.

Shule zetu zingeweza kujifunza hapo. Tumezoea kufikiri kwamba riadha ni mbio ndefu tu, na katika mbio ndefu ndipo tunapokutana na wenye nguvu kuliko wote. Kutupa mkuki na kuruka juu tumewaachia wengine, hali mtoto wa Kimasai alizaliwa akaona vyote viwili uani kwao. Kumbukeni Julius Yego, mtoto wa Nandi, ambaye hakuwa na mwalimu wa mkuki, akajifunza kwa kutazama picha za video katika intaneti, naye mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kule Beijing kwa kutupa mita 92.72. Mkuki wa mashindano ya wanaume una uzani wa gramu 800, nao si mkuki wa morani. Lakini mkono uliozoea mmoja haukatai mwingine. Kadhalika shimo la mchanga la kurukia si kitu cha gharama. Malori huchukua mchanga wa mito ya Kajiado kupeleka kwa wajenzi wa Nairobi. Lori moja lingesimama shuleni likapunguza shehena yake kidogo, na watoto wangepata pa kurukia.

Nimeacha la wasichana mpaka sasa kwa sababu ndilo zito. Siku ile ya mashindano, kando yangu alisimama mzee mmoja aliyevaa shuka, mkononi ana fimbo, asiyesema na mtu. Msichana yule wa mita 1,500 alipomaliza, mzee akanigeukia, akasema taratibu, "Huyu ni binti yangu. Kila siku huchelewa nyumbani, nami nilimgombeza nikidhani ni utoro." Nikamwuliza atafanya nini sasa. Akanyamaza, kisha akasema, "Nitauza mbuzi wa nauli."

Maneno hayo machache yanipasa niyaeleze. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu 5 mfululizo, na mwaka 2022 ng'ombe walikufa wengi katika Kajiado. Kwa mfugaji, karo ya shule ni ng'ombe. Ng'ombe akifa, karo imekufa. Na katika nyumba nyingi, fedha zikipungua, wa kwanza kuondolewa shuleni ni binti, kisha huja habari ya kumtahiri na kumwoza, ingawa sheria ya mwaka 2011 imekataza kabisa ukeketaji wa wasichana. Binti mwenye namba ya mashindano kifuani ana watu wengi wa kumwulizia asipoonekana: mwalimu wake, wenzake wa timu, na hata wale aliowashinda. Hiyo ni kinga, wala tusiidharau kwa sababu ya suruali fupi ya kukimbilia. Wazazi wenye kuona haya kwa mavazi hayo na waseme na mwalimu, maana binti aweza kukimbia na vazi la heshima pia. Lakini wasimzuie kukimbia.

Basi, tuyaseme yanayopasa kutendwa, kila mtu kwa mahali pake.

Walimu wakuu wa shule za serikali na wahakikishe kwamba kiwanja cha shule kimepimwa, kimewekewa mipaka, na kina hati. Kiwanja kisicho na hati ni mali ya yule atakayeamka mapema.

Wenye shule za binafsi katika Kitengela na waungane. Shule moja haiwezi kununua ekari 4, lakini shule 8 zaweza kukodi au kununua kwa pamoja, zikagawana siku za juma.

Serikali ya Kaunti, ambayo ina uwanja wa Ildamat pale Kajiado mjini, na ikumbuke kwamba Kitengela ina watu wengi mara nyingi kuliko Kajiado mjini, nao watoto wao wanahitaji mahali. Ardhi ya umma iliyobaki ni kidogo, na kila mwaka unaopita huipunguza.

Walimu wa madarasa nao wasikichukue kipindi cha mazoezi ya viungo kufundishia hesabu. Mtaala mpya umeweka njia tatu katika shule za juu za sekondari, na moja ya hizo ni sanaa na sayansi ya michezo. Darasa la 10 la kwanza la mtaala huo lilipangiwa mwaka 2026. Mchezo sasa ni somo kama masomo mengine, wala haifai shule iseme inalifundisha hali haina hata kamba ya kupimia.

Na wazazi, jambo lenu ni dogo kuliko yote na ni kubwa kuliko yote: nendeni mkatazame. Usemi tulioanza nao wasema mcheza kwao hutuzwa, lakini haiwezekani kumtuza mtu usiyemwona. Yule mzee wa shuka alikuwa amekaa na bingwa nyumbani mwake miezi mingi akimgombeza kwa kuchelewa.

Niliondoka Kitengela jioni, wakati mwalimu akikunja kamba yake na watoto wakiokota chupa ili mwenye shamba asikasirike. Chokaa ilikuwa bado yaonekana. Nilimwuliza mwalimu kama mwaka ujao watakuwa hapohapo.

"Inategemea mwenyewe, Mzee," akasema, naye safari hii hakuwa akisema habari za wakimbiaji wa Nandi.

Wasomaji walio na viwanja shuleni kwao, na wale walionyang'anywa, na watuandikie watueleze jinsi walivyovipata au walivyovipoteza, ili wengine wajifunze.